Tone Moja Latosha

Jicho halina nafasi ya tone la pili. Tone moja la dawa tayari ni kubwa kuliko kiasi kinachoweza kukaa ndani ya kope, na ndiyo maana kidogo humwagika hata likidondoshwa na mkono wenye ujuzi. Mgonjwa anayejidondoshea matatu "ili dawa ishike" anatibu shavu. Ni somo la mwanzo kabisa katika kliniki ya macho, na huwa la kwanza kusahauliwa mtu akifika nyumbani.

Tone moja liliwahi kuokoa macho ya watoto wengi mno. Mwaka 1881 daktari wa uzazi wa Leipzig, Ujerumani, Carl Credé, alitangaza matokeo ya kuwadondoshea watoto wachanga tone la naitreti ya fedha katika kila jicho. Katika hospitali yake, maambukizi ya macho wanayoyapata watoto wakati wa kuzaliwa, ambayo yalikuwa yakimpata takriban mtoto mmoja kati ya 10, yalishuka hadi chini ya mmoja kati ya 100. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa malhamu ya tetrasaiklini, na anayeipaka ni mkunga au nesi wa wodi ya wazazi.

Ukitaka kuona uzito wa kazi ya nesi, mtazame mgonjwa wa mtoto wa jicho. Katika hospitali zinazosifika kwa macho, kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam au Kikuyu nchini Kenya, upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi: lenzi iliyofifia inatolewa, ya bandia inawekwa, na mara nyingi kidonda hakihitaji hata uzi. Kesho yake bandeji inafunguliwa, babu anamwona mjukuu wake, na watu wanadhani kazi imekwisha. Bado. Matone yataendelea kwa wiki kadhaa, na jicho litaponea nyumbani, kwenye moshi na vumbi.

Kwa hiyo nesi mzuri hasemi tu "usifanye kazi nzito." Anauliza nani anachota maji, nani anapuliza moto wa kuni, na mgonjwa analalia ubavu upi. Mzee Mwislamu ataulizia sijida, na kwa kawaida atashauriwa aswali akiwa ameketi kwa siku za mwanzo. Usiku atavaa kinga ya jicho ili asilisugue akiwa usingizini. Kisha ataelezwa yasiyongoja tarehe ya kliniki: maumivu yanayozidi, jicho kuwa jekundu zaidi, au kuona kunakopungua ghafla. Hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Udondoshaji wenyewe una adabu zake. Mikono inanawiwa kwa sabuni. Mgonjwa anatazama juu, kope la chini linavutwa taratibu, na tone linaangukia kwenye kijifuko kinachojitokeza, ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Jicho linafumbwa bila kukazwa, huku kidole kikibonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama kuna dawa nyingine, ingojewe kama dakika tano.

Kubonyeza ile kona si madoido. Pale pana mfereji wa machozi unaoishia puani, na dawa ikipita humo huingia kwenye damu. Timololi, dawa inayotumika sana kwa wenye presha ya macho, yaani glakoma, inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Swali la nesi, "Una pumu?", si la kupotezea muda. Na mwenye glakoma ana mtihani wa ziada: jicho mara nyingi haliumi, dawa hairudishi uoni uliokwisha potea, na bado anatakiwa kudondosha kila siku, pengine maisha yake yote. Asipoelezwa kwamba dawa inalinda kile kilichobaki, ataiacha, na si haki kumlaumu.

Masikio hayapewi heshima inayopewa macho. Sikio la mtoto linatoa usaha miezi mitatu, na nyumbani wanasema litakauka lenyewe. Mara nyingi ngoma ya sikio imetoboka, usikivu unapungua, na darasani mtoto anaitwa mzembe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upotevu wa kusikia, na kwamba kwa watoto karibu asilimia 60 ya visa vinaweza kuzuilika. Sikio lenye usaha ni mojawapo ya sababu hizo zinazozuilika.

Tiba yake huanza na kitambaa. Kipande safi cha kitambaa cha pamba, au karatasi laini isiyochanika upesi, kinasokotwa kuwa utambi na kuingizwa sikioni. Kikilowa kinatolewa, kinawekwa kingine, hadi sikio likauke. Hivyo mara tatu kwa siku, ndipo matone ya antibayotiki aliyoandikiwa yafuate. Yakimwagwa juu ya usaha hayafiki panapouma. Vile vijiti vya pamba vya dukani havina kazi hapa, wala mafuta ya moto. Chupa ishikwe kiganjani kwanza ipate joto, kwa kuwa dawa ya baridi huleta kizunguzungu. Sikio la mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma. La mtu mzima, juu na nyuma.

Maelezo haya ni mengi kwa mama aliyebeba mtoto anayelia, huku foleni ikisukuma nyuma yake. Nesi anayeijua kazi yake hamuulizi kama ameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Anampa kitambaa asokote mwenyewe, amkaushe mtoto sikio palepale, na anamrekebisha mkono. Kisha anampa tarehe ya kurudi. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio hauingoji tarehe hiyo: mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.