Ushungi Usio na Pini

Msichana mwenye hijabu akitaka kucheza mpira, ni nadra kuambiwa waziwazi kwamba dini yake ndiyo haitakiwi. Huambiwa habari ya usalama: pini itamchoma, mtandio utamkaba. Na neno usalama lina heshima yake, halijibiwi kwa hasira.

Mwanamke mmoja wa Uholanzi, Cindy van den Bremen, wala si Mwislamu, alilijibu kwa kitambaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akisomea ubunifu huko Eindhoven, aliona wasichana wa Kiislamu wakizuiliwa mazoezi ya viungo shuleni kwa sababu ya mtandio. Akawauliza wenyewe wanataka nini (jambo ambalo wengi wanaowasemea dada zetu hulisahau). Ikatoka Capsters: ushungi wa kitambaa kinachovutika, unaovaliwa kama kofia, bila pini wala ncha inayoning'inia. Baadaye akatengeneza wa kandanda, ambao ukivutwa unaachia papo hapo, shingo isikabwe.

Haja yake ilionekana Juni 2011 mjini Amman. Timu ya wanawake ya Iran ilizuiliwa kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki. Wachezaji wakalia uwanjani, na pointi wakapewa wenyeji. Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, wakati huo makamu wa rais wa FIFA, akaibeba hoja hiyo. Safari hii kulikuwa na vazi la kushikwa na kupimwa, si maneno matupu. Julai 2012 hijabu ikaruhusiwa kwa majaribio, na Machi 2014 moja kwa moja. Mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017.

Je, chuki iliisha? Hata kidogo. Katika Olimpiki ya Paris 2024, Ufaransa iliwakataza wanamichezo wake kuvaa hijabu. Mkimbiaji Sounkamba Sylla akahudhuria ufunguzi na kofia. Hapo pini haikutajwa kabisa. Kisingizio kilikuwa kimekwisha, ikabaki sababu yenyewe, na hiyo angalau watu wanaweza kujadiliana nayo uso kwa uso.

Basi mzazi, mwalimu wa michezo akikwambia "usalama", muulize hatari ni ipi hasa. Akitaja pini, nunua kitambaa cha jezi umpelekee fundi wako wa mtaani. Ushungi wa namna hiyo haumshindi.