Umegawiwa thumuni ya ekari? Chora kwanza nafasi tupu, nyumba baadaye

UKIPANDA matatu ya 111 pale Reli, katikati ya jiji la Nairobi, tafuta kiti cha dirishani. Safari ya kuelekea Ngong inaonyesha wazi jinsi ardhi inavyokatwakatwa. Kilimani, palipokuwa na banglo moja ya mawe yenye paa la vigae vyekundu na mjakaranda uani, leo pamesimama ghorofa la makumi ya familia. Ukifika Karen nyua bado ni ndefu na za kijani, lakini chungulia getini: njia ya kabro, na kando yake nyumba nne zinazofanana kama sare za shule.

Karen yenyewe ni zao la ugawaji. Mwaka 1917 mwandishi Karen Blixen na mumewe walinunua nyumba ambayo leo ni makavazi, ikawa makao ya shamba lao la ekari 4,500, ambapo 600 zilipandwa kahawa. Biashara ilipoporomoka aliuza na kurudi Denmark mwaka 1931. Mnunuzi, Remy Martin, alilikata shamba vipande vya ekari 20. Ishirini zikawa kumi, kumi zikawa tano, na leo watu wanavutana kuhusu nusu ekari. Lavington nako, pale St Austin's, wamishonari Wafaransa walilima kahawa kabla ya kuja mesoneti.

Hata hivyo makala hii haiwahusu matajiri wa Karen pekee. Songa kidogo hadi Kangemi, Uthiru na Kinoo, kandokando ya Waiyaki Way. Huko anayekata ardhi ni familia. Shamba la babu liligawiwa wana, na sasa zamu ni ya wajukuu, yaani wewe unayesoma hii kwenye simu. Utapewa kipande, au utanunua cha binamu aliyehamia ng'ambo, halafu utaingia Pinterest usiku kucha kutafuta keja ya ndoto zako.

Shida ni kwamba kufikia hapo nyumba yako imeshaamuliwa nusu. Ameiamua aliyekata ardhi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ndugu wanne wana nusu ekari, futi 100 kwa 218. Kwa akili ya haraka, kila mmoja ana thumuni ya ekari. Lakini wa nyuma atapita wapi? Mpima ardhi anachora njia ya futi 20 ubavuni, kutoka barabarani hadi mwisho wa shamba. Kilichobaki ni upana wa futi 80, kinakatwa mara nne, kila ndugu anapata futi 80 kwa 54 na nusu. Zidisha: ni futi mraba 4,360. Sasa zidisha njia yenyewe, 20 kwa 218. Ni 4,360 vilevile. Njia imekula fungu sawa na la ndugu wa tano ambaye hajazaliwa.

Njia hiyohiyo ikipitishwa katikati, na ploti mbili zikakaa kila upande, haina haja ya kufika mwisho. Futi 130 zinatosha kumfikisha kila mtu getini kwake. Zile 88 zinazobaki, futi mraba 1,760, zinaweza kuwa bustani ya pamoja, au zikaongezwa kwa ploti za nyuma. Ubaya wake ni kwamba ploti zinakuwa nyembamba, futi 40, na nyumba nyembamba inataka mchoraji mwenye akili. Kaunti pia inaweza kudai njia pana kuliko hiyo, basi hesabu ibadilike. Hoja ni kwamba mazungumzo haya yanafaa kufanyika mezani, msanifu majengo akiwepo, kabla mpima hajapiga vigingi. Familia nyingi humwita msanifu miaka mitatu baadaye, vigingi vikiwa vimeshaota nyasi.

Ikiwa umeshapewa kipande chako, tuseme ile hamsini kwa mia ambayo kila wakala wa Nairobi anaimba, anza kwa kuondoa. Acha futi 20 mbele, 10 nyuma na tano kila ubavu. Umebaki na futi 40 kwa 70. Kisha kuna sheria ya kiasi cha ardhi ambacho jengo linaruhusiwa kufunika, nayo hutofautiana mtaa kwa mtaa. Mahali panaporuhusiwa asilimia 35, orofa ya chini haizidi futi mraba 1,750. Kwa kulinganisha, mwongozo wa maeneo ya jiji wa 2004 uliiwekea Karen robo ya ardhi. Robo ya nusu ekari ni thumuni nzima. Nyumba ya huko peke yake inaweza kukalia ardhi kubwa kuliko ploti yako yote, kwa hiyo ramani ya rafiki yako wa Karen usiinakili.

Kinachobaki nje ya kuta ndicho watu husahau kuchora. Gari moja au mawili, tangi la maji, kamba za nguo, mahali pa kutupia taka, tangi la septiki, na wageni. Wageni ni lazima. Siku ya ruracio au ya msiba, Mungu apishe mbali, hema litasimama wapi? Nyumba ya picha za mtandaoni haijui mambo ya hema. Sebule yenye milango mipana inayofunguka moja kwa moja uani hukuwezesha kukaribisha watu wengi bila kujenga ukumbi.

Halafu jua. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua hukaa upande wa kaskazini, ya Desemba upande wa kusini, na nyakati zote mbili liko juu, kwa hiyo upenu wa kawaida unatosha kukukinga. Linalosumbua ni la alasiri, linaloingia chinichini kutoka magharibi na kuoka chumba. Basi madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uweke ngazi, stoo na bafu. Vyumba vya kulala vikiangalia mashariki utashukuru Julai, wakati Nairobi nzima imevaa jaketi.

Kwenye ploti ndogo, hata hivyo, anayeamua jua ni jirani. Wewe umeacha futi tano, naye wa mashariki ameacha tano, kisha nyote mmepanda hadi futi 30. Katika kichochoro hicho cha futi 10, kila sehemu ya sakafu itaonja jua la moja kwa moja kwa saa moja na robo hivi kwa siku. Dirisha la jikoni linaloangalia pale litawashiwa taa mchana. Na kama jirani bado ana bustani nzuri, usiitegemee. Waulize waliojenga Kileleshwa wakiangalia miti ya jirani, leo wanaangaliwa na roshani za ghorofa ndefu.

Dawa ya tatizo hili tunayo nyumbani, ni vile tu tumeizoea kwenye kadi za watalii. Mji wa kale wa Lamu, ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, umebanana kuliko Kinoo. Vichochoro vyake vinatosha watu na punda. Lakini ingia ndani. Mlangoni kuna daka lenye baraza za kuketi. Ukipita mlango njia inapinda, ili mpita njia asione ya ndani. Kisha unatokea kiwandani, ua mdogo ulio wazi juu, na vyumba virefu vyembamba viitwavyo misana hupokea mwanga na hewa kutoka hapo. Nyumba haimwombi jirani chochote.

Kiwanda cha futi 10 kwa 12 katikati ya nyumba ya Uthiru kinaweza kuangaza jikoni, sebule na ngazi kwa pamoja, na kuta zinazotazamana na jirani zikabaki na vidirisha vidogo vya juu. Bila shaka Nairobi si Lamu. Hapa kuna baridi, na mvua za Machi hadi Mei hazina mzaha. Kifunike kwa kioo au shiti angavu iliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite, na uweke mfereji wa maji sakafuni. Utapoteza futi mraba 120, ambazo mjomba wako atasema ungezifanya chumba cha kukodisha. Mwache aseme.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wanaojenga sasa wanalijaribu, nami naliunga mkono: kugeuza nyumba juu chini. Vyumba vya kulala viwe chini, ambako mwanga ni hafifu na ndio usingizi unaoutaka, kisha sebule na jikoni zipande juu, kwenye jua na upepo, labda na kipande cha Milima ya Ngong kwa mbali. Ila acha chumba kimoja chenye choo chini kwa ajili ya shosho. Magoti yake hayajui mitindo.

Na mitindo nayo ina kesi ya kujibu. Siku hizi ukisema nyumba ya kisasa mtu anaona kasha jeupe lenye madirisha ya fremu nyeusi na paa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi. Linapendeza kwenye picha. Lakini mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta huo hujaa majani, maji yakakosa pa kwenda, yakateremkia kwenye dari. Paa la mabati lenye mteremko na upenu wa futi mbili linakinga kuta, linakinga madirisha, na linachota maji. Nairobi hupata kama milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita mraba 100, hata ukitoa kinachopotea njiani, linaweza kukuvunia zaidi ya lita 70,000. Kwenye mtaa ambao mifereji hukauka wiki nzima, hilo ndilo naliita la kisasa.

Maji yanayoingia lazima yatoke, na hapa ndipo ugawaji unaweza kuumiza watu. Ekari iliyokuwa na familia moja ilikuwa na tangi moja la septiki, na ardhi ya kutosha kunyonya majitaka. Ikikatwa mara nane na mtaa hauna sewa, kuna matangi manane, na pengine wawili kati ya hao majirani wamechimba visima. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Nairobi hunyonya vizuri, lakini haujui kutofautisha shimo lako na kisima cha mwenzako. Ndiyo maana mipango ya jiji hudai ploti kubwa zaidi mahali pasipo na sewa. Si roho mbaya ya kanjo. Ndugu wakikubaliana kujenga mtambo mmoja wa pamoja wa kusafisha majitaka, pale kwenye bustani ile ya katikati, kila mmoja anaokoa nafasi na pesa. Ila waandikiane nani ataulipia matengenezo.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kukata ardhi ni ustawishaji unaohitaji idhini ya kaunti, sawa na kujenga. Ardhi ikiwa bado ni ya kilimo, kama ilivyo sehemu nyingi za upande wa Kiambu, bodi ya usimamizi wa ardhi nayo hutoa kibali. Anayejiita msanifu awe amesajiliwa na BORAQS, mjengo wenyewe usajiliwe na NCA, na michoro ifuate Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Ukiuziwa kipande ambacho hati miliki yake bado ni ya shamba zima, ahadi ya kwamba mutesheni inakuja usiichoree nyumba.

Pesa zikiwa chache, na kwa wengi wetu ni chache, mwambie msanifu achore nyumba ya awamu. Jenga chumba kimoja, jikoni na bafu sasa, lakini msingi na nguzo viwe vya kubeba orofa mbili, na nafasi ya ngazi iachwe tangu mwanzo. Kuongeza nondo kwenye msingi leo ni nafuu kuliko kubomoa ukuta baadaye ukitafuta pa kupitisha ngazi.

Kabla ya yote hayo kuna zoezi la Jumamosi moja. Nunua kamba ya manila na vigingi ishirini, azima futi ya fundi, na uende kwenye ploti na yeyote mtakayeishi naye. Chora kwa kamba geti, gari, tangi, shimo, hema la wageni. Kaa hapo saa tatu asubuhi, adhuhuri na saa kumi jioni, ukiweka alama mahali kivuli cha jirani kinapofika. Piga picha kila mara. Kisha pima kipande kilichobaki bila kamba wala kivuli, andika vipimo vyake kwenye karatasi, na hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea msanifu Jumatatu.