Mstari wa Bima na Njia ya Kimbunga

Kila mwaka Juni inapokaribia, boti za starehe zilizotapakaa katika visiwa vya Karibiani huanza kuteremka kusini. Kinachoziondoa ni mkataba wa bima. Kampuni nyingi za bima zimechora mstari kwenye ramani, mara nyingi katika latitudo ya nyuzi 12 na dakika 40 kaskazini: msimu wa vimbunga ukianza, boti iwe chini ya hapo. Ikipigwa na kimbunga ikiwa juu ya mstari, mwenyewe asahau fidia. Basi Grenada na kisiwa chake kidogo cha Carriacou hujaa boti za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa, na wengi wa wenye boti hizo huwa wameshapanda ndege kurudi makwao.

Mstari huo haukutoka hewani. Kimbunga hujizungusha kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Tena, baada ya kimbunga Janet cha 1955, Grenada ilikaa karibu nusu karne bila kupata pigo la kufanana na lile, na watu wakajenga imani juu ya utulivu huo. Septemba 7, 2004 kikaja kimbunga Ivan. Watu 39 walikufa, nyumba tisa katika kila kumi zikaharibika, na hasara ikakadiriwa kuwa mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Katika yadi za boti za kusini mwa kisiwa, vyombo vilivyopandishwa nchi kavu ili vipone vilionekana vimelaliana, milingoti imevunjika.

Namna boti inavyoanguka nchi kavu inafaa kutazamwa kwa karibu. Mkuku huwekwa juu ya magogo, ubavuni zikasimamishwa nguzo za chuma za kuegemeza. Mvua ikinyesha saa nyingi, udongo unalainika na mguu wa nguzo unadidimia kidogo. Boti ikiyumba mara moja, nguzo inalegea. Mlingoti ulioachwa umesimama, na tanga lililosokotwa mbele badala ya kuvuliwa, huupa upepo pa kushika. Boti ya kwanza ikilala, inaiangukia ya pili, na safu nzima inafuata. Baada ya Ivan baadhi ya yadi zilifukia nanga za zege ardhini, zikazikaza boti kwa mikanda kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori, na kuunganisha nguzo ili zisitawanyike. Ni kazi ya jasho, ya kurudiwa kila msimu, na haina picha nzuri ya kuweka kwenye jalada la ripoti ya mradi. Kwa maoni yangu, katika yote yaliyopangwa baada ya Ivan, hiyo ndiyo iliyofika kwenye boti yenyewe.

Wasiopandisha boti walikuwa na mpango mwingine: mikoko ya Tyrell Bay, Carriacou. Ni hori lililojificha, na mabaharia wamelikimbilia tangu zamani. Unaingiza boti kati ya mikoko, unafunga kamba kwenye mizizi, unatupa nanga kila upande. Kwa boti chache mpango huo hufaa sana. Lakini mstari wa bima ulikuwa umezisukuma boti nyingi upande mmoja, na upande huo mahali pa kujificha ni pachache. Kamba ya jirani ikikatika, boti yake inakuja juu yako, hata kama wewe ulifunga vizuri namna gani.

Kimbunga Beryl kilianza kujikusanya Juni 28, 2024 huko Atlantiki. Hakikumaliza siku mbili kikawa kimbunga cha daraja la nne. Mwenye boti aliye Ulaya, ambaye mpango wake ulisema atarudi kufunga kamba akisikia tahadhari, hakuwa na muda hata wa kutafuta tiketi. Julai mosi jicho la kimbunga lilipita juu ya Carriacou, ambayo iko kusini ya mstari. Waziri Mkuu Dickon Mitchell alisema takriban asilimia 98 ya majengo ya Carriacou na kisiwa jirani cha Petite Martinique yameharibika au kubomoka. Boti zilirundikana katika mikoko, na mikoko yenyewe ikabaki vijiti vya kahawia visivyo na jani. Waliobaki kaskazini zaidi, Martinique kwa mfano, wakavunja masharti ya bima, walinusurika na dhoruba nyepesi.

Mstari ule ulikuwa wa kupangia bei ya hatari. Mabaharia waliusoma kama mpaka wa usalama, na hakuna aliyeona haja ya kuwasahihisha. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mstari wetu wa namna hiyo vichwani: husemwa vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Aprili 1872 kimbunga kiliivunja Zanzibar pamoja na merikebu za Sultani Barghash, na Mei 2024, wiki chache kabla ya Beryl, kimbunga Hidaya kilitua kisiwani Mafia.

Ofisini, mipango iliyotokana na Ivan ilikwenda vizuri zaidi. Grenada ilipopanga upya madeni yake mwaka 2015, iliingiza kifungu cha kusitisha malipo kikitokea kimbunga kikubwa, na Agosti 2024 ilikitumia. Mfuko wa bima wa nchi za Karibiani, CCRIF, ulioanzishwa 2007, uliilipa zaidi ya dola milioni 40 za Marekani. Malipo hayo yanafuata vipimo vya kimbunga chenyewe, hivyo hayasubiri mkaguzi azunguke nyumba kwa nyumba.

Lakini Carriacou ni kisiwa cha watu wenye mashua zao. Kijijini Windward mafundi huunda mashua za mbao ufukweni, na mashindano ya mashua ya kisiwa yamekuwepo tangu 1965. Mwenye boti ya starehe akilipwa na bima, hununua nyingine. Ganda la ile ya kwanza linaweza kubaki mikokoni likivuja dizeli palepale samaki wanapozalia. Mvuvi aliyepoteza mashua na injini amepoteza kazi. Kwa watu kama yeye, Grenada na Saint Lucia zilikuwa za kwanza kununua, mwaka 2019, bima ya sekta ya uvuvi kupitia CCRIF. Fedha zake huingia serikalini kwanza, kisha hugawiwa kwa kufuata majina yaliyoandikwa. Kwa hiyo yupo karani anayepaswa kushuka ufukweni miezi ya utulivu, kabla Juni haijafika, aulize nani ameuza mashua, nani amefariki, na kijana gani ameanza kuvua mwaka huu.