Mbeleko yaishia mlangoni: Bibi, mjukuu na kanga huko Birkat al Mauz

Na Mwandishi Wetu, Birkat al Mauz

SAA kumi na moja za jioni, joto linapoanza kupungua, Bi mkubwa mmoja wa hapa Birkat al Mauz hutoka chumbani kwake na kipande cha kanga begani. Humwinamia mjukuu wake wa miezi saba, humpandisha mgongoni, humfunika kanga, hupitisha ncha moja juu ya bega na ya pili chini ya kwapa, kisha hukaza fundo kifuani. Mtoto aliyekuwa akilia muda wote hunyamaza. Bibi huendelea na kazi zake uwani, akianua nguo na kuchambua mchele, na mjukuu yuko naye.

Lakini akifika kwenye mlango mkubwa wa nje, husimama. Hufungua fundo, humteremsha mtoto, humweka kwenye kigari cha kusukuma, na kanga huitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Ndipo hutoka.

"Mbeleko yangu mwisho wake ni hapa," aliniambia, akiugusa ule msumari. "Nje ni Oman, mwanangu. Ndani ndiyo Unguja."

Bibi huyu, ambaye aliomba jina lake lisitajwe, ana umri wa zaidi ya miaka sabini. Ni mmoja wa maelfu ya Waomani waliozaliwa Afrika Mashariki, na ambao hadi leo, hasa wazee, huzungumza Kiswahili majumbani mwao. Watu wa hapa huwaita Wazinjibari, hata yule aliyezaliwa Tabora au Bujumbura na ambaye Zanzibar hakuwahi kuiona.

Kwa msomaji asiyepajua, Birkat al Mauz ni mji mdogo katika wilaya ya Nizwa, mkoa wa Ad Dakhiliyah, chini kabisa ya Jabal Akhdar, pale bonde la Wadi al Muaydin linapofunguka. Jina lake maana yake ni birika la ndizi, na kweli migomba ipo, imechanganyika na mitende, ikinyweshwa na mfereji wa Falaj al Khatmain, ambao mwaka 2006 uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia pamoja na mifereji mingine minne ya Oman. Juu ya mashamba yamebaki magofu ya nyumba za udongo. Tangu mwaka 2004 pana Chuo Kikuu cha Nizwa, na wanafunzi wake wameleta uhai mpya mjini.

Mtu wa Unguja akiiona migomba ile hushtuka kidogo. Bibi anasema siku ya kwanza alipoletwa hapa alilia, kwa sababu alidhani amerudi kwao.

Mgongo wa mtoto wa miaka kumi

Babu yake alitoka sehemu hizi za ndani ya Oman akaenda Zanzibar kwa jahazi kutafuta maisha, kama walivyofanya wengi katika zama ambazo nchi ya bara ilikuwa kame na maskini. Bibi alizaliwa shamba, Unguja, akalelewa na mama aliyejua Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi. Alifundishwa kubeba mtoto kabla hajafundishwa kupika.

"Sisi watoto wa kike tulianza na mwanasesere wa kitambaa," alisema. "Ukifika miaka saba, minane, unabebeshwa mdogo wako wa kweli. Mama yuko shambani, wewe una mtoto mgongoni, na bado unacheza na wenzako."

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta ana miaka kumi. Hapendi kueleza sana yaliyotokea. Alichokubali kunieleza ni kwamba familia yao ilitoka shamba kwa miguu kuelekea mjini, mama yake amebeba bunda la nguo, na yeye amembeba mdogo wake wa kiume kwa kanga ya mama. Aliambiwa asimteremshe hata akichoka, na hakumteremsha.

"Fundo lilinikata hapa," alisema, akaonyesha chini ya shingo. "Lakini mtoto alilala njia nzima. Hakujua kitu. Mpaka leo hajui kitu, mimi ndiye ninayejua."

Mdogo wake huyo leo ni mzee mstaafu mwenye mvi, anaishi Muscat, na kila Ijumaa hupiga simu kumjulia hali dada yake. Wao walifika Oman mwaka 1974, miaka minne baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wengi waliorudi walikuwa na elimu ya skuli za Afrika Mashariki, wakapata kazi katika wizara, hospitali na skuli. Hata hivyo, lugha yao na mapishi yao viliwatambulisha mara moja, na si kila aliyewatambua aliwatambua kwa wema.

"Si kwamba naona aibu"

Mkamwana wake ni mwalimu wa skuli, mzaliwa wa hapa hapa, na hazungumzi Kiswahili. Alizungumza nami kwa Kiarabu, mumewe akitafsiri pale niliposhindwa.

Alisema yeye hana ubaya na mbeleko. Mama mkwe wake ndiye anayemlea mtoto tangu likizo ya uzazi ilipomalizika, yaani siku 98 zilizowekwa na sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2023, na anamshukuru. Tatizo, alisema, ni macho ya watu. Hapa watoto walizoea kulazwa katika susu au kubebwa mikononi na ubavuni. Mwanamke anayepita njiani na mtoto mgongoni, watu huuliza ni nani na asili yake ni wapi.

"Si kwamba naona aibu," alisema. "Ila sitaki mwanangu aitwe jina kabla hajajua jina lake mwenyewe."

Nilimtazama bibi wakati maneno hayo yakitafsiriwa. Hakukasirika. Alisema tu kwamba hofu hiyo anaijua, kwa sababu mwaka 1974 alikuwa nayo yeye.

Tusimlaumu upesi mwalimu huyu. Mama anayemkinga mtoto wake na maneno ya watu anafanya kazi ile ile ya mbeleko. Lakini kitu kikifichwa nyuma ya mlango kwa vizazi viwili, kizazi cha tatu hakikuti hata msumari.

Kisutu kilichorudi

Katika mila za Waswahili, mbeleko haianzi siku mtoto anapozaliwa, huanza siku ya posa. Miongoni mwa vitu ambavyo bwana harusi hutoa ni ubeleko, zawadi ya mama wa bibi harusi, kumshukuru kwa mgongo uliombeba binti yake.

Mwanawe alipooa, mahari ililipwa kwa riali na hakuna aliyeuliza habari za ubeleko. Bibi hakuridhika. Alitoa sandukuni doti ya kisutu, ile kanga ya arusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, akampelekea mama wa bibi harusi. Mama yule aliipokea kwa heshima, akaiona nzuri mno kutumika, akaifungia kabatini. Hakujua ni ya nini.

Mjukuu alipozaliwa, alikuja nayo kama zawadi ya mtoto. Bibi alipoiona alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo kanga ile iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Walichojifunza wengine

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wakati sisi tunaificha mbeleko, wenzetu wanaiuza. Katika miaka ya 1960 muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alifanya kazi ya kujitolea Togo, akaona akina mama walivyobeba watoto na jinsi watoto walivyotulia. Aliporudi kwao alitengeneza mfuko wa kubebea mtoto ulioitwa Snugli, akapata hataza mwaka 1969. Mwaka 1972, Ujerumani, Erika Hoffmann alianzisha kampuni ya Didymos inayouza vitambaa vya kubebea watoto. Leo ukipita London au Toronto utawaona akina baba wamefunga watoto kifuani, na hakuna anayewauliza asili yao ni wapi.

Sayansi nayo imefika. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana wakiwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao hupungua kwa asilimia 25 hivi. Hiyo si mbeleko ya mgongoni, lakini msingi ni mmoja: mwili wa mzazi ni dawa. Madaktari wa mifupa nao husema kwamba mtoto anapopanua miguu kuzunguka kiuno cha mbebaji, nyonga zake hukaa vizuri kuliko akikazwa miguu iliyonyooka.

Bibi ana masharti yake, na yanakubaliana na ya wataalamu. Mtoto ambaye shingo haijakaza hapandi mgongoni. Pua na mdomo visizibwe, na kidevu kisibanwe kifuani. Hapiki na mtoto mgongoni. Ndani ya gari mbeleko haifai, mtoto akae kwenye kiti chake. Na wakati wa kiangazi, joto la hapa linapopita nyuzi 40, mchana hambebi kabisa.

Hadi kwenye falaj

Nilimuuliza anatamani nini. Alisema anatamani mara moja tu, kabla mgongo haujamshinda, atembee na mjukuu wake mgongoni kupitia kwenye migomba hadi kwenye falaj, amwonyeshe maji.

Siku niliyoondoka, mwanawe aliniambia jambo ambalo bibi hakulisema. Usiku uliopita mtoto alikuwa akiota meno na hakulala. Saa nane za usiku mkewe alikwenda kwenye mlango mkubwa, akachukua kisutu, akaenda kumgongea mama mkwe chumbani, akamwomba amfundishe kufunga. Walizunguka uwani mpaka alfajiri, mama na mtoto wake, bibi akiwa nyuma anashikilia fundo.

Sisi tulio ugenini, kwa hiari au kwa kulazimika, kila mmoja ana msumari wake nyuma ya mlango. Wengine wametundika lugha, wengine jina, wengine namna ya kumtuliza mtoto. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huko Birkat al Mauz watoto wanazaliwa bado, na kanga ipo.