Mzazi keshaamka, kitinda mimba bado amelala: miili miwili katika safari moja

Mwanamke aliyejifungua kitinda mimba wake akiwa na miaka 42 atakuwa na miaka 54 mtoto huyo atakapotimiza 12. Katika familia za Afrika Mashariki jambo hili halimshangazi mtu. Yupo pia baba aliyeoa tena ukubwani, na yupo bibi aliyebaki na mjukuu baada ya wazazi kufariki au kwenda mjini kutafuta maisha. Watu wakizungumzia malezi ya namna hiyo hutaja ada ya shule, magoti yanayouma na hofu ya nani atakayemsimamia mtoto mzazi akitangulia. Usingizi hautajwi, na nyumbani ni rahisi kuusahau kwa kuwa ratiba ya shule inawabana wote. Ikija likizo ya Desemba, familia ikapanda basi kwenda kuwaona jamaa Mwanza au Mbeya na kulala gesti katika chumba kimoja chenye taa moja, tofauti hujitokeza. Saa 3 usiku mzazi anataka taa izimwe, mtoto yuko macho makavu. Alfajiri mzazi ameshaoga na kufunga mizigo, mtoto hata kuitwa hasikii. Hapo maneno huanza: mvivu, mkaidi, hana adabu. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo haitokani na tabia ya yeyote kati yao. Inatokana na miili miwili iliyo katika vipindi vya maisha vinavyovutana, na safari inayopangwa kwa kulijua hilo huwa ya amani zaidi, na salama zaidi pia.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, lipo kundi dogo la seli linaloongoza mzunguko wa kulala na kuamka. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza namna jeni zinavyouendesha mzunguko wa namna hiyo ndani ya seli. Mzunguko huo haubaki vilevile maisha yote. Mwaka 1993 Mary Carskadon na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Marekani wa darasa la 6, wenye miaka 11 na 12. Waliokuwa wamefika mbali zaidi katika kubalehe, hasa wasichana, walielekea kupenda saa za usiku kuliko wenzao wa darasa lilelile ambao miili yao ilikuwa bado. Umri ulikuwa karibu mmoja. Kilichowatofautisha ni balehe, ambayo kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya 9 na 14 kwa wavulana. Kisha mwaka 2004 Till Roenneberg wa Ujerumani na wenzake walichambua majibu ya watu wapatao 25,000 wa Ujerumani na Uswisi, wakaona kwamba saa ya mwili huzidi kuchelewa hadi karibu miaka 20, halafu hugeuka na kuanza kuwahi tena kadiri miaka inavyoongezeka. Mzazi wa miaka 30 na mtoto wa miaka 12 huenda wakapishana kidogo tu. Mzazi wa miaka 55 amekwisha kurudi upande wa kuwahi, na mtoto wake ndiyo kwanza anaelekea upande wa kuchelewa. Zaidi ya hapo, usingizi mzito hupungua kwa umri. Joto la ghafla la kipindi cha kukoma hedhi humwamsha mama usiku, na tezi dume iliyokua humwamsha baba kwenda kukojoa. Watu wa namna hii hawawezi kufuata saa moja ya kulala kwa sababu tu mmoja ameamuru.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni simu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wenyewe unaimarisha ninachosema. Mwanga wa jioni huzuia melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kuwa watoto walio mwanzoni na katikati ya balehe huathiriwa zaidi na mwanga huo kuliko vijana waliokaribia kuimaliza. Lenzi ya jicho la mzazi, kwa upande wake, imeanza kuwa ya manjano kwa umri, na hupunguza mwanga wa buluu unaopita. Basi runinga ya kwenye basi inayowaka hadi usiku, ambayo mzazi anasinzia mbele yake bila shida, inaweza kuufukuza kabisa usingizi wa mtoto aliyekaa kiti cha pili. Kumpima mtoto kwa macho ya mzazi ni kosa la kipimo. Hata hivyo simu si chanzo pekee, maana mabadiliko yanayofanana na haya yameonekana kwa panya wanaokua, ambao hawana skrini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wazee wetu walilea bila elimu hii, na watoto waliamka. Ni kweli waliamka, lakini hilo halithibitishi kwamba watu wote wa nyumba moja waliwahi kuwa na usingizi mmoja. Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka Tanzania kwenyewe. David Samson na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kitanzania, walifuatilia kwa siku 20 usingizi wa watu wazima 33 wa Kihadzabe karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaolala bila umeme. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Tofauti hiyo ilihusiana na umri: wenye umri mkubwa waliwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana wakachelewa. Watafiti hao, walioandika mwaka 2017, wanapendekeza kwamba mpishano huo uliwalinda binadamu wa kale, kwa sababu usiku haukukosa mtu aliye macho. Ni dhana bado, lakini mimi naiona yenye nguvu. Familia inaweza kuutumia mpishano huo badala ya kupigana nao: mtoto apewe kazi za usiku, kuchaji simu, kupanga begi lake na kuandaa nguo za kesho, na mzazi abaki na kazi za alfajiri. Anayeogopa kwamba huku ni kudekeza asiogope. Sisemi mtoto alale hadi saa 6 mchana, kwa kuwa kuamka ovyo siku za likizo huzidisha tatizo. Wakati wa kuamka usipishane na wa kawaida kwa zaidi ya saa moja hivi, na mtoto aliyeamshwa kwa swala ya alfajiri anaweza kurudi kulala.

Kuhusu tiketi, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Basi la saa 11 alfajiri linamfaa mzazi na kumwibia mtoto. Basi la usiku, lililoruhusiwa tena Tanzania mwaka 2023, linawaibia wote wawili, maana mwenye miaka 55 aliyekaa kitini hapati hata ule usingizi mzito mchache aliobakiwa nao. Kukiwa na gari la saa 3 asubuhi, hilo ndilo la kukata. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni ya umeme, iliyoanza mwaka 2024, imeongeza saa za kuchagua. Isipowezekana, siku chache kabla ya safari mtoto atolewe nje kwenye jua mapema asubuhi na taa zipunguzwe jioni, na muda wa kulala uwahishwe kwa robo saa kila siku. Anayekwenda Kigali au Bujumbura atakuta saa imerudi nyuma kwa saa moja, jambo linalompa nafuu mtoto. Muscat iko saa moja mbele, na huko ni mtoto atakayeumia.

Mzazi anayeendesha gari mwenyewe ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 9 usiku kupanga mizigo huufikia muda huo saa 2 usiku, pengine akiwa bado barabarani, gizani. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa na kulala dakika 15 hadi 20, na safari ikiwa bado ndefu, kulala palepale njiani hadi kesho.

Si kila usingizi wa mchana unaelezwa na balehe au umri, kwa hiyo wapo wanaopaswa kuonana na daktari kabla ya kukata tiketi: mtoto anayelala saa za kutosha lakini bado anasinzia mchana, anayekoroma kila usiku kwa sababu ya mafindofindo makubwa, au aliyepauka viganja na kuchoka haraka, na mzazi anayekoroma kwa nguvu, ambaye waliolala naye chumba kimoja wamesikia pumzi yake ikikatika na kurudi kwa kishindo, hasa akiwa na shinikizo la damu.