Kingereza ku kazi: «karibu» iko ngapi?

Mutu akikuambia «iko karibu na kantini», unaelewa. Unaenda, unatafuta, ukikosa unauliza, hakuna neno. Lakini mu karieri, wakati shefu anasema Kingereza ku radio na kamyo ya tani 100 inarudi nyuma, hauna wakati wa kutafuta.

Kingereza hakikuanza jana kwetu. Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906, na miaka ya kwanza Wazungu wengi wa kazi walitokea Rodezia na Afrika ya Kusini. Wazee wetu walisikia Kingereza ku kazi mbele Kifaransa kipate nguvu. Nyuma ya Code minier ya 2002, kampuni za inje ziliingia nyingi, na Kingereza kikarudi: ku mabao ya sekirite, ku radio, mu karatasi za kuomba kazi.

Tuanze na «near». Ni «près de» ya Kifaransa: haiko mbali, paka ile. Inaweza kuwa metre 2, inaweza kuwa metre 200. Mutu wa Kinshasa anaweza kusema Likasi iko «near» Lubumbashi, na katikati kuko kilometre 120 hivi, lakini hajadanganya. «Next to» ni ingine. Ile njo «à côté de», ubavu kwa ubavu, hakuna kitu katikati. Wakisema chombo cha kuzima moto kiko «next to the door», usikimbie ku kona ingine: simama pa mulango, angalia kuume na kushoto.

«Beside» inafanana na «next to». Lakini ongeza «s» ku mwisho, «besides», neno linageuka kabisa: inakuwa «zaidi ya». «Besides the helmet, you need boots» haiseme viatu viko pembeni ya kofia. Inasema kofia peke yake haitoshe.

«By» ni fupi na inadanganya. «By the gate» ni kando ya mulango, sawa. Lakini ku radio «stand by» si «simama kando»: ni kaa tayari, ngoja. Na «stand clear» ni kutoka pale, kuenda mbali.

Sasa neno yenye inatusumbua zaidi haiko hata ya karibu, ni «mbele». Kijana moja wa mu kartye yetu, anatafuta kazi ya shofere, alinionyesha examen ya kampuni moja. Waliandika: «Stop before the barrier». Yeye alijibu gari inapita barieri kwanza, kisha inasimama. Wakamukatalia.

– Yaya, si wamesema mbele ya barieri? Mbele si kule unaenda?

– Mudogo wangu, kosa haiko yako peke.

Kweli, Kiswahili chetu kinatia vitu tatu mu «mbele» moja. Ukiambia shofere wa taxi «unishushe mbele ya eglizi», moja anasimama mbele hajafika, mwingine anasimama pa mulango wa eglizi, mwingine anaipita kwanza, na hapo njo kugombana juu ya makuta kunaanza. Kingereza kinatenga: «before» ku njia ni haujafika bado, uko upande ule unatokea, «in front of» ni ku uso wa kitu, «past» ni umekwisha kupita. «In front of the truck» inabaki ku uso wa kamyo, hata kamyo ile inarudi nyuma.

Ku karatasi za sekirite mutakuta pia «near miss». Pale «near» haionyeshe pahali. Ni hatari iliyopita bila kuumiza mutu, sawa vile tunasema «karibu inikanyage». Ile pia inaandikwa, hata hakuna damu.

Turudi ku kamyo. Shofere wa kamyo kubwa ya mine anakaa juu sana, na kawaida anakaa upande wa kushoto. Mutu anayesimama chini upande wa kuume, pembeni ya gurudumu, yeye hamuone. Kwa hiyo mutu akisema ku radio «I am near the truck», na kumbe yuko «next to» gurudumu, amedanganya shofere bila kupenda. Shofere anafikiri mutu yuko kule, metre 30, na anaweza kutembeza.

Kama neno ya Kingereza haikuyie, achana nayo. Sema metre na upande: «five metres, right side». Ile hata shofere wa Zambia, hata Muchina, atasikia. Na kama hajakujibu, usisogee ku kamyo.