Sola ya mkopo: Uliza kabla boksi halijafungwa ukutani

Kwa mkulima wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, ambaye nguzo ya umeme haijafika mlangoni kwake, njia mojawapo ya kupata mwanga ni sola ya mkopo. Hutanguliza fedha kidogo, akafungiwa paneli, boksi la betri na taa, kisha hulipa kidogo kidogo kwa simu mpaka deni liishe.

Ambalo mteja aghalabu haulizi ni kwamba boksi hilo si betri tupu. Yapo yenye laini ya simu ndani. Kwa laini hiyo kampuni huona, ikiwa mbali, paneli imezalisha umeme kiasi gani na nyumba imetumia saa zipi. Fundi hunufaika, maana hugundua hitilafu kabla hajapanda pikipiki. Lakini laini hiyo hiyo ndiyo inayozima taa malipo yakichelewa. Aina nyingine hazina laini: mteja akilipa hutumiwa namba za kubonyeza, na siku zake zikiisha boksi hujifunga lenyewe. Asiyetaka mambo ya nyumbani kwake yajulikane mjini aulizie aina hii.

Ratiba ya malipo nayo ni mtego. Fedha za mkulima huja akishauza maharage, si kila Jumatatu. Afadhali aulize mapema kama anaweza kulipa kwa mkupuo baada ya mavuno, na akichelewa atasubiriwa siku ngapi kabla paneli haijang'olewa.

Kampuni zenyewe pia hubadilika. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo ya aina hii hapa nchini, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Anayetia dole gumba leo asomewe mkataba unasemaje iwapo kampuni itauzwa: nani atabaki na taarifa zake, na nani atafungua boksi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mteja haki ya kujua taarifa zake zinatumika kwa kazi gani, na kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wanaonunua sola zilizotumika gulioni wawe macho zaidi. Boksi ambalo mwenyewe hakumaliza deni linaweza kuwa jiwe tu. Muuzaji aoneshe kwanza ujumbe wa kumaliza malipo, kisha aliwashe mbele ya mnunuzi.